Mgeni wa Unguja na Gari za Shamba

Wageni wengi wanaokuja Unguja huchagua ufukwe na chumba miezi kadhaa kabla ya safari, lakini suala la usafiri hulikumbuka wakiwa wameshasimama nje ya bandari ya Malindi, pale mjini Unguja, na begi mkononi. Hapo hukubali bei ya mwanzo wanayotajiwa, wakapandishwa gari, wakashushwa hotelini, na tangu siku hiyo kila wanapotaka kutoka huagiza gari kupitia hoteli hiyo hiyo. Sina neno na anayependa kusafiri hivyo na mwenye uwezo nao. Ila husikitika ninapomwona mgeni wa kutoka Tanga, Mombasa au Dodoma, mtu anayezungumza lugha yetu na aliyezoea kupanda daladala kwao, akiamini kwamba kisiwani hakuna njia nyengine. Njia zipo, na ndizo tunazozitumia sisi wenyewe kila siku.

Kuna jambo moja ambalo mgeni akilishika, mengine yatamkalia sawa. Usafiri wa umma wa Unguja umepangwa kwa ajili ya mtu wa shamba, yaani wa vijijini, anayekuja mjini asubuhi, akauza bidhaa zake au akashughulikia kazi, skuli na hospitali, kisha akarudi kwao alasiri. Barabara kubwa zote zinaanzia mjini na kutawanyika kaskazini, mashariki na kusini. Mgeni mara nyingi anataka kinyume cha hayo: asubuhi atoke mjini aende pwani, jioni arudi mjini, au atoke Nungwi aende Jambiani bila ya kupita mjini kabisa. Anaweza kufanya hivyo, lakini atakuwa anakwenda upande ambao wenyeji hawaendi saa ile, na ndiyo maana inampasa ajue saa za gari na mahala pa kubadilisha.

Mpango huu una asili yake. Mji ndio uliokuwa na bandari, na upande wa magharibi wa kisiwa, wenye ardhi ya rutuba, ndio uliokuwa na mashamba ya mikarafuu na minazi, ambayo mazao yake yalikuwa lazima yateremshwe mjini ili yapakiwe melini. Reli ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905 na kufika kiasi cha kilomita 11 kutoka mjini, ilielekea huko huko kwenye mashamba, na barabara za lami zilizokuja baadaye nazo zikaufanya mji kuwa kitovu. Pwani ya mashariki, yenye mawe ya matumbawe na udongo haba, ilikuwa nchi ya wavuvi, wasusi wa makuti na kamba, na baadaye wakulima wa mwani. Hoteli za Kiwengwa, Paje na Jambiani zilikuja wakati mwelekeo wa gari umeshajengeka.

Niingie sasa katika safari yenyewe, nikianza na bahari. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni zaidi kidogo ya kilomita 70, na boti ziendazo kasi, za Azam Marine na za Zan Fast Ferries, huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Boti ya mwanzo huondoka mapema, kiasi cha saa moja asubuhi, na ya mwisho huondoka alasiri. Ofisi za tiketi za Dar es Salaam ziko pale pale bandarini, na mtu akiingia mwenyewe ndani ya ofisi hana haja ya kijana wa kumwongoza wala wa kumtafutia nafasi. Tiketi huandikwa jina, kwa hiyo kitambulisho ni lazima. Mwananchi hulipa kwa shilingi na mgeni wa kigeni hulipa kwa dola, na tafauti ya nauli hizo ni kubwa, basi Mtanzania asisahau kitambulisho chake nyumbani. Mgeni wa kigeni atapita pia kwa maofisa wa Uhamiaji wa Malindi, na tangu Oktoba 1, 2024 anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ni bora ailipie kwenye intaneti kabla ya kuondoka kwao.

Bahari yetu ina majira yake, na msafiri mwenye tumbo jepesi ayazingatie. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, maji mara nyingi hutulia. Wakati wa kusi, khasa Juni hadi Agosti, mawimbi huinuka na boti hupanda na kushuka kwa muda mrefu. Boti ya asubuhi huwa na nafuu kuliko ya alasiri, kwa sababu upepo huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda. Ni vyema kukaa sehemu ya chini, nyuma ya katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mdogo, na kula chakula chepesi kabla ya safari. Wengi hukimbilia juu na mbele ili waone mandhari, na hao ndio wahudumu wanaowapelekea mifuko.

Ukishuka Malindi utapokewa na watu wengi kwa wakati mmoja: madereva wa teksi, mahamali wenye magari ya kusukuma, na papasi, yaani vijana wanaojitolea kukuongoza kisha wakadai chao kwa mwenye nyumba ya wageni, ambaye naye hukiongeza katika bei ya chumba. Salimia, shukuru, endelea na safari. Hamali ni mtu mwengine kabisa, na kazi yake ni ya heshima na ya lazima, kwa sababu nyumba nyingi za wageni ziko ndani ya vichochoro ambavyo gari haipiti. Patana naye kabla mzigo haujapanda garini mwake, mtajie nyumba unayokwenda, na utaona kwamba anaijua njia kuliko ramani ya simu yako.

Kwa ndege mambo ni mafupi zaidi. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya dakika 20 hivi, na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume uko Kiembesamaki, kilomita chache tu kusini ya mji. Daladala namba 505 hupita hapo kwenda mjini, na kwa mtu mwenye begi moja la mgongoni inatosha kabisa. Mwenye masanduku makubwa achukue teksi, kwani daladala ya mjini haina pa kuweka sanduku isipokuwa mapajani mwa abiria wenzake, na hilo si jambo la kumfanyia mtu anayetoka kazini.

Mji Mkongwe wenyewe ni wa kutembea kwa miguu. Tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba vespa ikipita watu hujibana ukutani. Mtu anaweza kutoka Malindi akapita Kiponda, Hurumzi na Mkunazini hadi Vuga bila ya kuhitaji chombo chochote. Akipotea, aulize, watu waliokaa barazani watamjibu. Ushauri wangu kwa wenye nyumba za wageni ni kwamba wampangie mgeni mahala pa kukutana palipo wazi, kama vile Forodhani au Darajani, kwa sababu dereva wa teksi hawezi kwenda zaidi ya hapo na simu za "niko karibu na mlango mkubwa wa mbao" hazisaidii katika mji uliojaa milango mikubwa ya mbao.

Sasa nifike kwenye daladala, ambazo ndizo zilizonifanya niandike. Namba zake zina utaratibu unaoeleweka. Zinazoanzia na 1 huenda kaskazini: 116 ni Nungwi, 117 ni Kiwengwa, 118 ni Matemwe. Zinazoanzia na 3 huenda kusini: 309 ni Jambiani, 310 ni Makunduchi, 324 ni Bwejuu, 326 ni Kizimkazi. Zinazoanzia na 2 ni za Wilaya ya Kati, upande wa Chwaka na Uroa, na zinazoanzia na 5 ni za mjini na vitongoji vyake, kama 502 ya Bububu na hiyo 505 ya uwanja wa ndege. Kwa miaka mingi Darajani ndipo palipokuwa kituo kikuu, mbele ya soko, lakini ujenzi wa soko na wa barabara umehamisha vituo vingi; gari nyingi sasa zimepelekwa Kijangwani, na nyengine, khasa za kusini, huanzia Mwanakwerekwe. Kwa kuwa mabadiliko haya bado yanaendelea, muulize mwenye duka au mwenye nyumba unayolala asubuhi ile ile unayosafiri. Jibu la mwaka jana linaweza kukupeleka pasipo na gari.

Gari zenyewe ni za namna mbili. Kuna Haisi na Kosta, ambazo mgeni wa Bara anazijua. Halafu kuna zile gari za mbao, malori madogo yaliyojengewa bodi, yenye viti virefu viwili vinavyotazamana, pande zote ziko wazi ili upepo upite, na paa limetengenezwa kwa ajili ya mizigo. Mimi huzipenda hizi kwa safari za shamba. Ukikaa kwenye gari ya Makunduchi inayoondoka mchana utaona magunia ya mchele, madumu ya mafuta, mitungi ya gesi na magodoro yakipandishwa juu moja baada ya jengine, huku utingo akiyafunga kwa kamba na kukumbuka kila mzigo ni wa nani na utashuka wapi. Gari haiondoki kwa saa, huondoka ikijaa. Utingo husimama nyuma kwenye ngazi, na akigonga bodi dereva huelewa kama ni kusimama au ni kwenda. Nauli hupitishwa kutoka mkono hadi mkono na chenji hurudi kwa njia hiyo hiyo, na haipotei.

Abiria wapya huingia kwa salamu ya jumla, nao waliomo huitikia. Mgeni anayefanya hivyo hupata msaada kabla hajauomba. Nakumbuka kijana mmoja wa Bara aliyeuliza kwa sauti ya wasiwasi iwapo gari ile inafika Jozani, na bibi mmoja aliyekaa mkabala naye, mwenye kapu la samaki miguuni, akamwambia: "Wenda kutazama kima, mwanangu? Kaa kwa raha, utashuka kabla yangu, nitakwambia." Walipofika karibu, bibi akamwita utingo kwa jina lake, gari ikasimama mlangoni mwa hifadhi, na mtu wa nje akampokelea kijana begi lake. Jozani, kwa wasioijua, ni hifadhi ya taifa yenye msitu wa asili na kima punju, mnyama asiyepatikana kwengine kokote isipokuwa hapa visiwani, na gari zote za Jambiani, Bwejuu na Makunduchi hupita mbele ya lango lake. Anayelipa gari nzima ya kukodi kwa ajili ya Jozani peke yake anatoa pesa nyingi kwa safari ambayo daladala inaifanya vizuri sana.

Kuhusu saa, hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Gari za kutoka vijijini kuja mjini ni nyingi kuanzia alfajiri hadi kiasi cha saa nne asubuhi, kisha hupungua. Gari za kutoka mjini kwenda vijijini ni nyingi kuanzia mchana hadi karibu na magharibi. Kwa hiyo anayelala mjini na anayetaka kwenda Nungwi kuogelea kisha arudi jioni atapata gari ya kwenda, hata kama atasubiri ijae, lakini kurudi baada ya saa kumi na moja ni bahati nasibu. Ni bora aende alale huko na arudi asubuhi ya pili pamoja na watu wanaokuja sokoni na makazini. Safari ya Nungwi kwa daladala huchukua kiasi cha saa moja na nusu hadi mbili, kwa sababu gari husimama kila penye mtu. Siku ya Ijumaa, baina ya saa sita na saa nane mchana, gari hupungua kwa ajili ya sala. Katika mwezi wa Ramadhani msongamano huhamia alasiri, wakati kila mtu anataka awahi kufuturu kwake, na baada ya hapo barabara huwa tupu kwa muda. Na bila shaka si vyema kula au kunywa ndani ya gari mchana wa mwezi huo.

Ama kuhusu kutoka pwani moja kwenda nyengine, sheria ni kwamba hakuna gari ya moja kwa moja, lakini si mara zote inapokulazimu urudi hadi mjini. Anayetoka Nungwi kwenda Kiwengwa ashuke Kinyasini, kwenye njia panda, asubiri gari inayotoka mjini. Anayetoka Kizimkazi au Makunduchi kwenda Paje anaweza kubadilisha Kitogani. Paje, Bwejuu na Jambiani ziko kwenye pwani moja, na baina yao bodaboda inatosha. Lakini kutoka Nungwi hadi Jambiani, yaani kutoka ncha ya kaskazini hadi pwani ya kusini mashariki, ama upitie mjini na uhesabu siku nzima, au mkusanyike watu watatu au wanne mkodi gari pamoja. Katika safari hiyo moja nashauri gari ya kukodi bila ya kusita.

Teksi na gari za kukodi zina nafasi yake: usiku, kwa mgonjwa, kwa familia yenye watoto wadogo, na kwa ndege inayofika saa mbaya. Teksi zetu hazina mita, kwa hivyo bei ipatanwe kabla ya kupanda, na ieleweke iwapo ni ya gari nzima au ya kila mtu, ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Bodaboda na bajaji hufaa kwa masafa mafupi ya Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, kutoka Michenzani hadi Amani au Magomeni kwa mfano, na kofia ngumu ni haki ya abiria. Ikikosekana, tafuta bodaboda nyengine. Mgeni wa kigeni anayetaka kuendesha mwenyewe gari au vespa anahitaji kibali cha Zanzibar, ambacho wenye kukodisha huwa wanamsaidia kukipata, na polisi walioko njiani hukiuliza. Tunaendesha upande wa kushoto. Vijijini kuna matuta, ng'ombe, na watoto wa skuli wanaotembea ukingoni mwa lami asubuhi na adhuhuri, basi mwendo uwe wa polepole hata barabara ikiwa tupu.

Pemba inastahili maelezo yake yenyewe, lakini sitaki kuiacha kabisa, kwa kuwa wageni wengi huiondoa katika ratiba kwa kudhani haifikiki. Ndege ndogo huenda Chake Chake kwa nusu saa hivi. Boti huenda Mkoani kwa siku maalumu za wiki, na siku hizo hubadilika, kwa hivyo ratiba itazamwe kabla ya kupanga malazi. Mkondo baina ya Nungwi na Pemba una maji mazito. Ni huko ambako MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mwaka uliofuata, Julai 18, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Familia nyingi za Unguja na Pemba bado zina majonzi ya misiba hiyo. Kwa hivyo nasema kwa msisitizo: ukiona chombo kimejaa watu kuliko viti vyake, au ukiuziwa tiketi isiyo na jina lako, usipande, hata kama kesho yake ni Idd. Majahazi ya mizigo nayo si chombo cha mgeni. Ukishafika Mkoani, daladala namba 603 itakupeleka Chake Chake, na kutoka hapo 606 huenda Wete. Barabara hupanda na kushuka baina ya mikarafuu, na wakati wa mavuno utaona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia.

Nimalizie na kuondoka, kwani hapo ndipo watu wanapokosa boti zao. Siku za karibu na Idd mbili, na wakati wa sherehe za Mapinduzi za Januari 12, tiketi za boti huisha mapema, na ni lazima zinunuliwe siku kadhaa kabla. Siku ya safari ufike Malindi saa nzima kabla ya boti, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na foleni ya vitambulisho. Na kwa kuwa daladala za shamba haziwezi kukuhakikishia kufika mjini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, anayeondoka na boti ya saa moja alale mjini usiku uliotangulia. Aje jana yake na gari ya asubuhi, aweke begi lake nyumba ya wageni ya Malindi au Kiponda, na mchana wote uliobaki autumie kwa miguu, maana kutoka hapo hadi lango la bandari ni mwendo wa dakika chache.